Kabla hujashusha injini, ichungulie plagi kwanza!

Najua wengi wenu mkifungua ukurasa huu huwa mnatafuta yale mambo yetu: nani kamtosa nani, na mtoto wa kike afanye nini akigundua mchumba wake ana mwingine Temeke. Leo mtanivumilia. Leo naongelea plagi za gari. Ndiyo, plagi, vile vidude vinavyokaa juu ya injini ya petroli. Usikimbilie ukurasa wa michezo, maana habari hii ina hela ndani yake, tena hela ya mama wa mtu.

Mama mwenyewe ni wangu. Bi mkubwa anapika chakula cha mchana nyumbani kwetu Tabata na kukisambaza maofisini. Wali kwa samaki, ndizi nyama, pilau siku ya Ijumaa. Gari linalofanya kazi hiyo ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A-FE, silinda nne, ujazo wa lita moja na nusu. Kwa watoto wa mjini hilo si gari la kuuzia sura, ni punda wa kazi. Saa tano na nusu hotpoti ziko kwenye buti, saa saba watu wanakula. Likilala siku moja, ada ya mdogo wangu nayo inalala.

Mwaka 2023 likaanza visa. Asubuhi likiwashwa linatetemeka kama mtu mwenye malaria. Likiwa kwenye sailensa linadunda, likikuta kimlima linasita, na nyuma kwenye ekzosi inatoka harufu ya petroli mbichi. Wenyewe mafundi husema gari inamisi. Maana yake silinda moja imegoma, tatu zinambeba mwenzao mvivu huku zinalalamika.

Akaitwa fundi mmoja wa gereji bubu, jina tumsitiri. Akafungua boneti, akawasha, akasikiliza, akazima. Kisha akachomoa waya wa plagi ya nne. Ile kofia ya mpira iliyo mwisho wa waya ikatoka imelowa oili chapachapa. Akaiinua juu kama mtu aliyemkamata mwizi.

"Unaona hii, mama? Oili imeshapanda kwenye plagi. Ringi zimekwisha. Hapa ni kushusha injini tu."

"Shilingi ngapi, baba?"

"Laki nane. Hiyo nimekufanyia kwa sababu wewe ni mama yetu."

Sasa elewa kitu kimoja. Wiki ile mama alikuwa anasubiri zamu yake ya mchezo. Wako kumi, kila mmoja anatoa laki moja, na hiyo milioni alikuwa ameshaipangia jiko kubwa la gesi ili aachane na moshi wa mkaa unaomkohoza usiku. Alipomsindikiza fundi akarudi, aliniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, gari ndiyo inayotulisha. Jiko litasubiri."

Mwenzenu nilikosa usingizi. Si kwamba nilikuwa najua magari sana, elimu yangu ni ya kidato cha nne na fizikia yenyewe nilikuwa naiogopa. Ila kuna kitu kilinikera. Yule fundi alichomoa waya. Plagi yenyewe hakuichomoa. Daktari gani anakwambia figo zimekufa wakati hata hajakupima mkojo?

Asubuhi nikampigia mjomba wangu yuko Morogoro, dereva wa malori aliyestaafu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Hamjambo huko? Mama yako mzima?"

Nikamweleza yote. Akacheka kile kicheko chake cha kikohozi, kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike leo. "Plagi ni ulimi wa injini. Ukienda hospitali unaambiwa toa ulimi. Sasa nyie mnataka kumpasua mgonjwa hata ulimi hajatoa? Hiyo oili iko nje ya plagi, kule juu, au iko kwenye ncha, kule ndani? Hayo ni magonjwa mawili. Moja ni la mpira, jingine ndilo la injini."

Hapo ndipo nilipoamua kuzibadili plagi mwenyewe, nyumbani, nizione kwa macho yangu.

Kabla sijakupeleka uani kwetu, ngoja nikupe darasa dogo. Petroli ndani ya injini haijiwashi yenyewe. Inachanganywa na hewa, takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, halafu pistoni inaubana ule mchanganyiko. Ukishabanwa, inatakiwa cheche. Hiyo cheche ndiyo kazi ya plagi. Betri yako ni ya volti 12, ambazo haziwezi kuruka hata unywele. Kwa hiyo kuna koili inayozipandisha zifike maelfu, 20,000 na zaidi. Umeme huo unateremka katikati ya plagi, umefunikwa na kauri nyeupe usitoroke, ukifika kwenye ncha unaruka pengo la kama milimita moja kwenda kwenye kile kijino cha pembeni. Paa! Moto umewaka, pistoni imesukumwa, mama anapeleka pilau.

Sasa piga hesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inatoa cheche 1,500 kwa dakika. Yaani 25 kwa sekunde moja, 90,000 kwa saa. Kuna kijana gani wa mjini anafanya kazi namna hiyo bila kuomba chai? Ndiyo maana zinachakaa. Kila cheche inakula chembe ya chuma, pengo linapanuka, umeme unapata shida kuruka, gari linaanza kumisi na kunywa mafuta. Plagi za kawaida zenye ncha ya nikeli huwa zinaomba kubadilishwa zikifika kilomita 20,000 hadi 30,000 hivi. Zile za iridiamu na platinamu ni ghali, lakini nyingi hufika kilomita 100,000.

Na wala si mambo ya jana haya. Etienne Lenoir alitumia cheche ya umeme kuwasha injini yake ya gesi kule Paris mwaka 1860. Mwaka 1902 Gottlob Honold, aliyekuwa akifanya kazi kwa Robert Bosch pale Stuttgart, akatengeneza magneto ya umeme mkubwa pamoja na plagi yake, na magari ya petroli yakapata mwendo. Wajapani wa NGK wakaanza kampuni yao Nagoya mwaka 1936. Leo hii plagi zao zimejaa maduka ya Gerezani.

Gerezani ndiko nilikokwenda Jumamosi. Sikiliza kwa makini hapa maana ndipo watu wanapoingizwa mjini. Usiende dukani ukasema "nipe plagi za Corolla". Nenda na namba. Namba iko kwenye kitabu cha gari, au kwenye plagi yenyewe, imeandikwa kwenye kauri. Namba hizo si mapambo. Chukua NGK iliyoandikwa BKR5E. Hiyo B inakwambia unene wa nyuzi, milimita 14. K inaonyesha kichwa cha soketi namba 16. R ina maana ndani kuna kizuizi cha kupunguza makelele kwenye redio. E mwishoni ni urefu wa nyuzi, milimita 19. Na ile 5 ni kiwango cha joto, yaani plagi inavyopoteza joto. Kwa NGK na Denso namba ikiwa kubwa plagi ni baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume chake. Ukikosea urefu unaweza kuigongesha plagi na pistoni, na hapo ndipo utashusha injini kikweli.

La pili ni feki. Plagi za kuchakachua zipo, tena kwenye maboksi yanayong'aa kuliko ya halali. Mimi niliziangalia moja moja: maandishi kwenye kauri hayatakiwi kufutika kwa kidole chenye mate, nyuzi zisiwe na makovu, kile kijino kiwe kimekaa katikati sawasawa, na zote nne zifanane kama mapacha. Bei ikiwa ya kutupwa, jiulize kwa nini. Muuzaji mmoja aliniona navyozigeuzageuza akauliza, "Dada, unanunua plagi au unachagua kanga?" Nikamjibu, "Kaka, kanga ikinichujia sikwami nayo Ubungo." Akacheka, akanitolea boksi jingine kutoka chini ya kaunta. Umeelewa?

Vifaa vya kuazima vilikuwa hivi: soketi ya plagi namba 16, ile yenye mpira ndani wa kuishika plagi, fimbo yake ndefu, fila geji ya kupimia pengo, pampu ya baiskeli, na matambara safi. Nikaongeza vyangu viwili, bomba la sindano kubwa la duka la dawa na kipande cha mpira mwembamba kama robo mita. Utaona kazi yake.

Jumapili asubuhi nikatoka uani nimefunga kilemba na kanga ya mama kiunoni. Bwana wee, si unajua mtaa wetu! Dakika tano tu vijana wa kijiweni walishahamishia kikao ukutani kwetu.

"Dada, hiyo siyo sufuria!"

"Najua. Ingekuwa sufuria ningekukaribisha."

Wakacheka wao kwa wao, nikaendelea na yangu.

Kwanza, injini iwe ya baridi. Hii si hiari. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, kikiwa cha moto nyuzi zake ni laini na unaweza kuzing'oa pamoja na plagi. Gari lilikuwa limelala tangu jana yake. Nikahakikisha funguo iko mfukoni mwangu, nikafungua waya hasi wa betri. Na ule mchezo wa kuchomoa nyaya injini ikiwa inaunguruma ili kusikia ipi haifanyi kazi, waachie wenye roho ngumu. Umeme ule utakurusha hadi kwa jirani.

Pili, plagi moja kwa wakati mmoja. Kwenye injini kama hii yenye disitribyuta kila waya una mahali pake, na cheche zinakwenda kwa mpangilio wa silinda ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Ukichomoa nyaya zote kwa mpigo ukazichanganya, gari halitawaka, au litawaka huku linapiga risasi. Shika ile kofia ya mpira, izungushe kidogo kulia na kushoto, kisha vuta. Usivute waya wenyewe.

Tatu, safisha shimo kabla hujalegeza kitu. Plagi za injini hii zimejificha chini kabisa ya mashimo marefu juu ya kichwa cha injini. Vumbi lote la Tabata limo humo. Ukifungua plagi hivihivi, mchanga unadondoka ndani ya silinda. Hapo pampu ya baiskeli ikafanya kazi, puu puu puu, vumbi likatoka. Shimo la nne halikuwa na vumbi. Lilikuwa kisima cha oili. Nikalifunga bomba la sindano ule mpira mwembamba, nikainyonya oili mpaka ikaisha, nikamalizia na tambara.

Ndipo nikaanza kuzifungua. Hapa, msomaji wangu, naomba utulie, maana hiki ndicho kiini cha habari.

Plagi ya kwanza ikatoka. Ncha yake rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, kavu. Hiyo ni plagi ya silinda yenye afya. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Pengo zilikuwa zimepanuka, kile kijino kimelika kona, uzee tu. Nikazipanga kwenye gazeti kwa mpangilio, moja, mbili, tatu, ili nisisahau nani katoka wapi.

Ya nne nikaifungua polepole moyo unanidunda. Hiyo ndiyo ilikuwa na laki nane za mama. Sehemu ya juu, kauri yote ilikuwa imelowa oili. Nikaifuta vizuri, nikaigeuza kuangalia ncha. Ilikuwa nyeusi, tena imelowa. Roho ikaruka. Nikampigia mjomba.

"Mjomba, imelowa hata kwenye ncha."

"Imelowa nini? Inuse."

Nikainusa. Petroli tupu.

"Haya iweke juani. Petroli itakauka, oili haitakauka. Nipigie baadaye."

Nikaiweka juani juu ya tofali. Vijana wa ukutani walikuwa wamenyamaza sasa, kila mmoja anaitolea macho plagi kama wanasubiri iseme. Dakika kumi hazikufika. Ncha ikakauka ikabaki vumbi jeusi kavu, masizi ya kawaida. Ukipitisha kidole hakuna utelezi.

Tafsiri yake? Ndani ya silinda hakukuwa na oili. Petroli ilikuwa inaingia, haiwashwi, inalowesha plagi na kutoka mbichi kwenye ekzosi. Ile oili ilikuwa ya nje, inatoka juu, chini ya tapeti kava. Kuna mipira midogo inayozuia oili isiingie kwenye mashimo ya plagi. Ikikauka na miaka inapasuka, oili inateremka shimoni. Injini za aina hii zikizeeka ni ugonjwa wake wa kawaida. Oili ikikaa humo inalainisha na kuvimbisha kofia ya waya, umeme unapata njia ya mkato, unarukia ukuta wa shimo badala ya kwenda kwenye ncha. Nikaitazama ile kofia: imevimba, imepasuka ubavuni, na kwenye ufa kuna alama ya kuungua. Mwizi wa cheche ndiye huyo.

Kama oili ingekuwa kwenye ncha, nyeusi, nzito, inang'aa, haikauki, hapo fundi angekuwa na haki ya kutaja ringi au sili za vali. Na ukiona ncha nyeupe pepepe, ina malengelenge, ujue silinda inachemka kupita kiasi, labda petroli ni chache kuliko hewa au plagi ni ya joto lisilofaa. Ikiwa nyeusi kavu zote nne, petroli ni nyingi mno au chujio la hewa limeziba. Si unaona? Ulimi kabisa.

Basi nikafunga mpya. Kwanza pengo. Gari nyingi za petroli ni kati ya milimita 0.7 na 1.1, fuata kitabu chako. Ukikuta pengo si sawa unakikunja kile kijino cha pembeni kidogo kidogo, ile ncha ya katikati huigusi. Zile za iridiamu usizichokonoe kabisa, ncha yake ni nyembamba kama sindano, ukiona pengo haliko sawa zirudishe dukani.

Kisha kuingiza. Nikachomeka kichwa cha plagi kwenye ule mpira mwembamba, nikaishusha shimoni, nikauzungusha mpira kwa vidole viwili. Faida yake ni kwamba plagi ikikaa upande, mpira unateleza, haukupi nguvu ya kuharibu nyuzi. Ikizunguka laini mpaka chini, ndipo unaweka soketi. Plagi mpya yenye ringi yake ya kubonyea, ukishaifikisha kwa mkono, unaongeza nusu mzunguko hivi au zaidi kidogo, basi. Si mashindano ya kubeba vyuma. Nguvu za kuonyeshea watu zimeharibu vichwa vingi vya injini mjini hapa.

Nyaya nilikuwa nimenunua seti nzima kwa ushauri wa mjomba. Nikabadili mmoja mmoja, kila mmoja kwa urefu wake, unasukuma mpaka unasikia "tak". Nikarudisha waya wa betri. Nikamwita mama.

Mama akatoka na mikono ya unga, akakaa, akazungusha funguo. Gari likawaka mara moja. Halikutetemeka. Likatulia, mmmmmm, kama paka aliyeshiba. Mama hakusema kitu. Akazima. Akawasha tena, kama mtu asiyeamini. Kisha akaniangalia, akarudi ndani kuchambua mchele. Ukutani kijana mmoja akasema, "Dada, ya kwetu pikipiki unaweza?" Nikamwambia foleni inaanzia nyuma.

Wiki ileile tukaweka mipira mipya ya tapeti kava kwa fundi mwingine, na nikamwomba apime kompresheni ili roho itulie. Silinda zote nne zikatoka karibu sawa. Ukijumlisha plagi, nyaya, mipira na ufundi, haikufika laki mbili. Zamu ya mchezo ilipofika, milioni ya mama ikaenda kwenye jiko la gesi, kama alivyopanga.

Najua mnasubiri nimtukane yule fundi wa kwanza. Simtukani. Nilikwenda kwake na ile plagi ya nne nimeifunga kwenye kipande cha gazeti, nikamwonyesha. Akaigeuza muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, wateja wengi hawataki kuona. Wanataka kuambiwa bei tu, walipe waondoke."

Maneno hayo yalinichoma kuliko ile laki nane. Maana ni kweli. Sisi wa mjini tunaogopa boneti kama tunavyoogopa majibu ya hospitali. Tunampa mtu funguo, tunakaa pembeni na simu, akirudi na bei kubwa tunaumia kimya kimya. Fundi naye ana njaa, na anayebahatisha mbele ya mtu asiyetazama hana sababu ya kuchunguza. Oili ile ilikuwepo kweli, hakuitengeneza. Ila kati ya oili ya juu ya plagi na oili ya ncha kulikuwa na laki sita na zaidi, na hakuna aliyeinama kutofautisha.

Na mafundi wetu wana mazoea ya zamani pia. Wapo wanaozisugua plagi kwa msasa na brashi ya waya kila zikichafuka. Enzi za petroli yenye madini ya risasi plagi zilikuwa zinachafuka kweli kwa ile risasi. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria, ya mwisho duniani kuiuza kwenye vituo vya magari, ikaacha mwaka 2021. Leo ukiona plagi inachafuka kila mara, injini inakwambia jambo. Kuisugua ni kumziba mdomo. Tena pengo lililolika halirudi kwa msasa, na brashi ya chuma huacha mikwaruzo kwenye kauri ambayo umeme unaifanya barabara.

Kama wewe gari lako ni IST au Vitz ya miaka ya 2000, hukuti nyaya ndefu. Kila plagi ina koili yake iliyokaa juu, imeshikwa na bolti moja ya namba 10. Chomoa soketi ya umeme taratibu, maana plastiki yake ikizeeka inakatika kama biskuti, fungua bolti, vuta koili juu. Kuanzia hapo habari ni ileile. Ila usiache gari linamisi ukasema utalishughulikia mwisho wa mwezi. Petroli isiyoungua inakwenda kuunguzia kwenye lile sega la ekzosi linalosafisha moshi, na sega likiyeyuka utanikumbuka.

Sisemi kila mtu ageuke fundi. Wengine mna kucha za harusi, tunajua. Ninachosema ni hiki: siku fundi akikwambia injini imekwisha, mwambie kwa heshima zote, "Kaka, naomba uzichomoe plagi zote nne, uzipange hapa kwa mpangilio, tuzitazame wote." Ni kazi ya nusu saa. Fundi mwenye ujuzi atafurahi kupata mteja mwenye macho. Ambaye hajui ataanza kutafuta tambara lake, na wewe utakuwa umeshajua la kufanya.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi, nina barua ya dada mmoja wa Sinza ambaye kwa kweli naye angehitaji kuchomoa plagi kadhaa. Mpaka hapo panapo majaliwa, kaeni vizuri, na fungueni boneti mara moja moja. Haliumi.